Siri Aliyolala Nayo Zuhura

Hainitoki, mwanangu, siku niliyokwenda bandarini Wesha kumpokea mdogo wangu Zuhura, kitinda mimba wetu. Alishuka chomboni ameinama, mkono tumboni, uso umempauka. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwamba huko Dar alikokwenda harusini alipelekwa hospitali kwa dharura, mimba ilitunga nje ya kizazi, wamempasua. Nilimwamini. Nani angeongopa jambo kama lile?

Wewe ulikuwa mdogo, humkumbuki vizuri. Alizaa wanne, na tumbo lake halikurudi. Kila akienda shughulini wanawake walimshika mkono wakamuuliza ni mwezi wa ngapi. Alicheka nao, kisha akirudi nyumbani hali chakula. Hadi leo nikikutana na wale wanawake nawasalimu kwa shingo upande.

Bibi yako aliposikia ni mimba, alimchukulia Zuhura kama mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua. Unazijua arubaini zetu za uzazi. Mimi nilipojifungua mara ya kwanza, ningali msichana, alinilaza ndani, akanikanda kwa maji ya moto, akanifunga mkaja wa nguo tumboni, akaninywesha uji wa pilipili manga, nami nikatoka na afya yangu. Siidharau mila hiyo hata kidogo. Ila Zuhura hakuwa mzazi, na sisi hatukujua.

Tumbo hakuruhusu liguswe. Alivaa mkanda mpana aliopewa huko alikotibiwa. Lakini miguu alikandwa, na kutwa alilazwa. Akijaribu kuinuka aende uwani, mama alimrudisha kitandani.

"Lala, mwanangu. Mzazi hazururi, upepo utakwingia."

"Mama, daktari kasema n'tembee kidogo."

"Daktari ana yake. Mie wazazi nawajua."

Zuhura akajilaza tena. Angebisha, angeulizwa daktari yupi, na alimpasua nini.

Asubuhi moja aliamka mguu wa kushoto umevimba, una moto, shavu la mguu halishikiki kwa maumivu. Mama akapasha mafuta ya nazi, akaukanda kwa nguvu zake zote, kwa mapenzi yake yote. Adhuhuri Zuhura akaanza kutweta. Tukamtia garini. Njia ya kutokea kwetu Mgogoni ilikuwa mashimo matupu, na kila tukiruka alikuwa akinibana mkono.

"Dada," akaniambia, "haikuwa mimba. Nilikwenda kukatwa tumbo lirudi. Waliniambia n'tembee. Waliniambia n'sisafiri upesi. Usimwambie mama."

Hatukufika naye hai. Daktari wa hospitali alitueleza kwamba damu iliganda mguuni, bonge likapanda hadi kwenye mapafu. Kulala tu baada ya kupasuliwa huweza kuleta hayo, na safari ndefu ya kukaa vilevile. Mguu kama ule haukandwi, akasema. Mama alikuwa amesimama pale pale, akalisikia neno hilo.

Ni yeye aliyemuosha. Alipofika tumboni akauona mshono, umepita kutoka nyonga hadi nyonga, akasita. Nadhani alielewa. Kisha akaendelea kumwaga maji, hakuniuliza kitu. Tangu siku ile watu wakija kumwita akakande wazazi, aliwajibu mikono inamuuma.

Sasa nawe umeniambia unataka kulikata tumbo lako. Sikukatazi, mwili ni wako, na najua maneno ya watu yanavyouma. Lakini mtoto ananyonya bado. Subiri umwachishe ziwa, mwili utulie, na uwe na hakika umemaliza kuzaa, maana mimba nyingine italiharibu lililoshonwa. Tafuta daktari aliyesomea upasuaji huo, kwenye hospitali inayoweza kukuokoa mambo yakienda kombo, usimfuate mtu kwa picha za simuni. Mweleze maradhi yako na dawa zote unazotumia, hata za uzazi wa mpango. Ukishapasuliwa, kaa karibu naye mpaka akuruhusu kusafiri. Usinyanyue mtoto wala ndoo. Tembea polepole kama utakavyoelekezwa, hata kama unaona uvivu. Mguu ukivimba, kifua kikibana, homa ikipanda au kidonda kikitoa usaha, ni hospitali saa hiyo hiyo, na asikukande mtu.

Na usinifiche. Zuhura alituonea haya, nasi tukamuuguza ugonjwa asiokuwa nao. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata kaburi lake.

Ukienda, nitakwenda nawe. Nitakushika mkono nikutembeze kutoka kitandani hadi mlangoni, na ukichoka nitakungoja. Mungu akuhifadhi, akuponye kila kidonda, akupe umri uwalee wanao na uwaone wakizaa. Na mdogo wangu amrehemu, na mikono ya mama yangu aipumzishe. Amin.