Dereva wa Maziwa Aliyetubu Chupa Moja kwenye Mashamba Kumi na Moja

Saa kumi na dakika ishirini alfajiri, baridi imeshuka nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, na Oiva Haapaniska anaburuta mpira wa kunyonyea maziwa wa lori lake juu ya theluji kuelekea chumba cha maziwa cha shamba la kwanza. Ana miaka sitini na moja. Masharubu yameganda, mdomo haujaganda hata kidogo.

"Andika hivi, kijana," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Miaka ishirini na tisa njia hii, Oiva hajawahi kumwaga maziwa. Wala hajawahi kuitubu dhambi moja mara mbili."

La maziwa ni kweli.

Anachota sampuli, anapima joto, anachovya kijikaratasi cha kutambulia dawa na kukisubiri kibadilike rangi. Ng'ombe mmoja akiwa amechomwa sindano ya kiwele na maziwa yake yakaingia humu, shehena nzima humwagwa. Kijikaratasi kinampa ruhusa. Pampu inaanza kunguruma.

"Halafu nunua buti," anaongeza bila kugeuka. "Hilo la kushoto limeng'oka kisigino. Unatembea kama bata aliyepigwa jiwe."

Oiva ana haki ya kusema hivyo. Nyumba yake na ya Aune, mama wa mwandishi, zinatenganishwa na ua wa misonobari tu, na buti hizo amezizoea tangu zilipokuwa za marehemu mume wa Aune.

Alipoanza kazi, kati ya kijiji cha Kortesalmi na mjini palikuwa na mashamba thelathini na manne ya maziwa. Leo yamebaki kumi na moja. Mshahara wake ni euro elfu mbili na mia nane kwa mwezi kabla ya kodi, na kwa mshahara huo, pamoja na wa mkewe Hilkka ambaye ni mpishi wa shule, wamelea watoto wanane.

"Walikula," anasema. "Mpaka leo sielewi walikula nini, ila walikula."

Kila shamba lina kahawa, na kukataa kahawa hapa ni kutangaza vita. Kuna maandazi ya iliki, kuna jibini la dang'a, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, linalotumbukizwa kikombeni mpaka lilainike. Kufikia shamba la saba, anasema Oiva, dereva wa maziwa ana matangi mawili ya kushughulikia.

Na palepale, kwenye meza hizo za kahawa, ndipo alipoingia matatani.

Sisi watu wa Nyumba ya Sala, waumini wa kijiji hiki, hatupangi foleni kwa mchungaji kutafuta msamaha. Aliyelemewa humwendea muumini yeyote, jirani, shangazi, hata fundi bomba, akasema kinachomlemea. Yule humjibu: "Amini kwamba dhambi zako zote zimesamehewa katika jina la Yesu na damu yake." Imekwisha. Na iliyosamehewa haitajwi tena.

Sasa fikiria dereva anayeingia kwenye nyumba kumi na moja kila wiki, na kila nyumba ina muumini ameshika birika.

Yalianza Oktoba. Mtoto wa mwisho alikuwa amehamia mjini, nyumba ikanyamaza. Oiva akaingia dukani karibu na kiwanda cha maziwa kununua betri ya tochi, akatoka na chupa ya bia.

Kwetu pombe haina kipimo kidogo. Chupa ni pombe na pipa ni pombe. Na kwa Hilkka ni zaidi ya hapo. Alikuwa na miaka tisa baba yake alipookotwa kwenye theluji, mita arobaini kutoka mlangoni kwake, amekauka kama gogo. Oiva alipomposa, Hilkka hakuomba pete. Aliomba ahadi moja tu.

"Sikuwa na kiu," anasema Oiva akiwa ameshika usukani. "Wala huzuni yenyewe haikuwa ya kutisha. Nilijiambia tu, mzee mzima, hujawahi kujua. Nikajua. Ilikuwa tamu, kijana, na shida ndiyo hiyo."

Mwandishi hana la kuongeza kuhusu ladha hiyo.

Jumatatu alitubu kwenye shamba la kwanza. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Alhamisi alinunua pakiti ya chupa sita. Jumamosi akanywa moja kwenye sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke uani, Hilkka akiwa kwenye kikundi cha kushona. Jumatatu akatubu tena, kwenye shamba la pili.

"Kila Jumatatu meza mpya," anasema. "Niliona haya kumchosha mtu mmoja. Ukimwambia mtu jambo mara ya kwanza, anakupa neno kwa moyo mweupe. Mara ya tatu anaanza kukutazama. Basi natubu ile iliyokwisha, na zilizobaki zimelala chini ya kiti."

Chini ya kiti hikihiki?

"Inua mguu," anasema.

Zipo mbili, zimefungwa kwenye soksi ya sufu zisipasuke kwa baridi.

Mpango ulidumu wiki kumi na moja, mpaka mkutano wa majira ya baridi, wanawake walipokusanyika jikoni kwenye Nyumba ya Sala kumenya viazi. Aliyeuvunja ni Saimi Pelttari, mwenye miaka sabini na minne na moyo mpana kuliko mdomo unavyoweza kuuzuia.

"Nilisema kwa huruma," anajitetea Saimi. "Nilisema, tumkumbuke Oiva, ameanguka mara moja na ameumia. Kerttu wa shamba jingine akauliza, mara moja? Kwangu ilikuwa Novemba. Mwingine akasema, ngoja, kwangu ilikuwa siku chache kabla ya Krismasi. Visu vikasimama. Tukahesabu mpaka kumi na moja."

Kisha wakakumbuka kwamba iliyosamehewa haitajwi, nao wameitaja mbele ya jiko zima.

"Ikabidi tuombane msamaha hapohapo, kila mtu na kiazi mkononi. Nilipoinua kichwa, Hilkka alikuwa mlangoni na ndoo ya viazi vingine. Akaiweka chini. Akachukua kisu, akamenya."

Hizo ni wiki tatu zilizopita. Kahawa bado inamiminwa, maandazi bado yapo. Lakini hakuna meza iliyomwambia Oiva lile neno, na yeye hathubutu kuliomba. Nyumbani Hilkka anampakulia, anamfulia, anamuuliza kuhusu matairi, na habari ya chupa haigusi. Jumapili mbili za meza ya Bwana zimepita Oiva akiwa ameketi benchi la nyuma. Hajazinywa zile mbili za chini ya kiti. Hajazitupa pia.

"Kuteleza nakufahamu," anasema. "Mtu anateleza, anainuliwa. Mimi sikuteleza. Nilipanga. Nataka kujua kitu kimoja: lile neno bado ni langu?"

Shamba la kumi na moja ni la akina Pelttari. Mumewe Saimi, Jalmari, ndiye mhubiri wa Nyumba ya Sala. Haikuwa bahati mbaya kwamba Oiva alimweka wa mwisho.

"Salamu za Mungu, Oiva."

"Salamu za Mungu, Jalmari."

"Umefuata maziwa, au una jambo? Maana mimi nilikuwa mkiani mwa foleni. Sitaki kurudiwa kabla zamu yangu haijazunguka tena."

Oiva analimeza hilo pamoja na kahawa. Kisha anauliza waziwazi, kofia mkononi: mtu aliyefanya akijua, akarudia akijua, bado anasamehewa?

Jalmari hana haraka. "Lipo lile neno kwa Waebrania, juu ya anayetenda dhambi kusudi akiwa ameijua kweli, kwamba haibaki tena dhabihu. Mimi nikilifikia, sauti hunikauka. Siwezi kuliruka kwa sababu wewe ni rafiki yangu. Na kazi yako waijua. Maziwa ya ng'ombe mmoja mwenye dawa yanaharibu tangi zima."

"Na tangi analiosha mara ngapi?" anauliza Saimi kutoka kwenye jiko.

"Kila siku," anajibu Oiva.

"Ukijua kesho litachafuka?"

"Nikijua."

"Basi."

"Basi nini?" anasema Jalmari. "Hakuna anayeosha tangi huku ameweka akiba ya uchafu chini ya kiti."

Saimi anacheka mpaka anashika meza. "Hapo umesema kweli, mzee. Lakini neno si langu nilipime kwa mizani. Akiniomba leo nitampa, akirudi kesho nitampa. Wewe jana umenuna kwa ajili ya mlango wa zizi. Juzi umenuna. Kila jioni nakusemea neno, na najua kesho utanuna."

"Kununa si kusudi."

"Wewe? Wewe hununa kwa ratiba."

Jalmari anakoroga kahawa isiyo na sukari. Anapozungumza tena, sauti imeshuka.

"Oiva, mimi sikukunyima. Msamaha siujui mwisho wake; ungekuwa nao, mimi mwenyewe ningekuwa nimefukuzwa zamani. Lakini umeketi kwenye meza kumi na moja. Ipo ya kumi na mbili hujaketi. Ile ndiyo uliyoikosea."

Oiva anavaa kofia. "Maziwa yanangoja," anasema, ingawa maziwa yameshapakiwa.

Mjini, baada ya kushusha lita elfu kumi na saba na kuliosha tangi, anakaa ndani ya lori akilitazama duka lile kwa dakika kumi. Ni Alhamisi. Kisha anawasha injini. Njia nzima ya kurudi hatanii hata buti.

Saa nane mchana Hilkka ameshatoka shuleni, na kwa kuwa ni Alhamisi, kama ilivyo desturi ya huku, mezani kuna supu ya njegere. Buti zinaachwa mlangoni. Oiva anaweka chupa mbili kando ya sufuria, bado zikiwa kwenye soksi.

"Hilkka," anasema. "Sikuteleza. Kila mara nilijua. Nilijua habari za baba yako, na nikanywa. Halafu nikawaomba msamaha watu wote isipokuwa wewe, kwa sababu wewe peke yako nilikuogopa. Naomba unisamehe."

Hilkka anaitazama soksi. Ameifuma yeye.

"Na Jumamosi?"

"Nimekusudia nisinywe. Lakini hata Novemba nilikusudia nisinywe. Siwezi kukuapia."

Supu inaanza kuota ngozi juu.

"Baba aliapa kila Jumapili," anasema Hilkka. "Wewe ni wa kwanza kuniambia kwamba hajui."

Anajifuta mikono kwenye aproni, anazunguka meza, anaweka kiganja kwenye shingo ya mumewe, na kumwambia lile neno kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kupunguza. Sauti yake haitetemeki. Masharubu ya Oiva ndiyo yanayotetemeka.

"Ukianguka tena, usiende kwa akina Pelttari," anasema. "Njoo hapa. Nitakasirika. Nikimaliza kukasirika nitakwambia tena."

Kisha anazimimina chupa zote mbili kwenye sinki, na soksi anaitundika ikauke.

Oiva amebakiza miaka minne kustaafu. Mpango wake si mkubwa: Jumamosi hii Hilkka ataacha kikundi cha kushona wakakae wote kwenye sauna, kama walivyokaa kabla ya watoto, na Jumapili anataka kutoka benchi la nyuma na kwenda mbele. "Ya Jumamosi inayofuata," anasema, "tutaiona ikifika."

Makala yangeishia hapo, kama Hilkka asingesimama nyuma ya mwandishi na kusoma daftari.

"Alikwambia chupa moja kila Jumamosi?"

"Ndivyo alivyosema, Mama Hilkka."

"Na wewe ukaandika moja." Anavuta kiti. "Anayefagia sauna ni mimi. Kila Jumapili tangu Oktoba mpaka siku ya viazi nilikuta vizibo viwili chini ya ubao wa kukalia. Nilijua kabla ya viazi. Nilikuwa nangoja aje mwenyewe."

"Vizibo huweza kuzaana," anajaribu Oiva.

"Na theluji ya kuelekea sauna ilikuwa na nyayo za watu wawili. Mmoja ni huyu mzee. Mwingine alitokea upande wa kwa Aune, na kisigino chake cha kushoto hakipo."

Wote watatu wanageuka kuzitazama buti zinazochuruzika maji pale mlangoni.

Mwandishi alikuwa amebakiza maswali mawili. Aliyafuta yote mawili.

"Weka kalamu chini, mtoto wa Aune," anasema Hilkka, akimsogezea sahani. "Utakula kwanza, au una jambo?"