Kadzo Alikuwa Mtembeza Mbwa

Mpaka saa hii moyo wangu unakataa. Kadzo, rafiki yangu na jirani yangu hapa mtaani Shika Adabu, tulimzika jana.

Na mimi ambaye hata darasani sikuwa nainua mkono, leo nasema mbele yenu nyote: wasifu uliosomwa kaburini haukuwa wake. Ati "alikuwa mfanyabiashara." Biashara gani, jamani? Kadzo hakuuza hata mahamri.

Kadzo alitembeza mbwa wa watu. Ndiyo kazi iliyomlisha, na aliipenda.

Nilipomaliza Form Four nikawa nakaa tu nyumbani, alinijia mlangoni. "Inuka twende, usiniozee hapo." Tukatoka, kamba zote za mbwa mkononi mwake, kutoka mageti ya majumba ya ufukweni hadi Mtongwe.

Nikaona mambo! Komando, lile jibwa linalotisha boda boda wote, humkimbia kuku mwenye vifaranga.

"Client akikwambia mbwa wake mkali," Kadzo alisema, "ujue hajawahi kutolewa nje. Hata wewe ungebweka."

Vijana wanaopiga soga maskani hawakumwacha. "Kadzo! Mbwa wako wanakula kuliko sisi!"

"Na wanaamka mapema kuliko nyinyi!" Huyo, keshapita.

Siku moja alikosea saa. Mvua ilikuwa imenyesha, tukafika msikitini watu ndio wanatoka kuswali alasiri. Komando akajikung'uta, maji yote yakamrukia mzee mmoja kwenye kanzu.

Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kadzo akanipa kamba, akamwendea. "Shikamoo, babu. Nisamehe. Nipe kanzu niifue, mara saba, ya kwanza kwa udongo."

Mzee akamtazama. "Wewe si Muislamu. Nani kakufunza hayo?"

"Niliuliza, babu. Napita kwenu kila siku, nitapitaje bila kuuliza?"

Mzee akacheka. "Nenda, mwanangu, itafuliwa nyumbani. Lakini hilo lako lipitishe kule!" Tangu hapo, wakati wa swala tulizunguka njia ya nyuma, ingawa ni ndefu na ina tope.

Huyo ndiye mliyemwonea aibu.

Jana watu walipoanza kutawanyika nilimfuata shangazi yake. "Shangazi, mbona hamkutaja kazi yake?"

"Nyamaza, mwanangu. Watu wangecheka. Tena wanasema hao mbwa ndio waliomla nyota, ndiyo maana akafa."

"Shangazi, ni ugonjwa wa moyo, alikuwa nao tangu utotoni na nyinyi mwajua. Na kuchekwa, alichekwa kila siku, na kila siku akatoka."

Akaniambia nimekosa adabu. Naomba radhi kwa sauti niliyoipandisha. Maneno siyarudishi.

Asubuhi hii client mwenye Komando ameuliza kama atafute mtu mwingine. Nimemwambia mtu yupo. Nimemchukua Komando, nimepita naye barabara kubwa, mbele ya maskani, mbele ya duka, mbele ya nyumba ya matanga. Waliocheka wamecheka. Mimi sikuchepuka.

Mliomjua, andikeni hapa chini kazi yake, muiandike kama ilivyo.

Kadzo, umetembea vya kutosha, dada. Sasa lala salama, na usiitikie wakikuita jina lisilo lako.