Rehani ya Mikorosho ya Mama

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mama yangu alipopiga hodi kwenye shamba lake mwenyewe. Nilikuwa nyuma yake na kapu. Mikorosho ile ya Miteja aliipanda yeye na marehemu baba, na bado alisimama mpakani akisubiri aruhusiwe kuingia.

Nakwambia haya kwa sababu nimesikia unataka kuipeleka benki hati ya nyumba anayolala mama yako, upate mkopo wa kujenga vyumba vya kupangisha pale Somanga. Hukuniuliza, lakini mimi ni shangazi yako, nasema bila kuulizwa. Baba yako, Mungu amrehemu, alivitaka vyumba hivyo hivyo, kwenye kiwanja hicho hicho, kabla hujazaliwa.

Wakati ule barabara ya lami ilikuwa inajengwa. Mafundi na madereva walijaa Somanga, wengine wakilala vibarazani, na kila mwenye chumba alikuwa akipokea kodi. Kaka alikuwa na kiwanja, fedha hana. Angeweza kuanza na chumba kimoja. Lakini alikuwa na haraka, na hesabu zake zilipendeza kuzisikiliza. Akamwendea mama.

"Mama, tuiweke mikorosho rehani kwa mwenye duka. Msimu mmoja tu. Kodi ya vyumba itaikomboa."

"Selemani, chumvi yangu na kanga yangu vinatoka kwenye mikorosho hiyo," mama alisema. "Vyumba vyako vikikataa?"

"Havikatai, mama. Watu wenyewe si unawaona."

Mama akakubali, kwa vile alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee na hakuzoea kumnyima kitu.

Wewe umekulia mjini, pengine rehani ya huku kwetu huijui. Mwenye fedha anaokota korosho zako kila msimu mpaka umrudishie fedha zake zote kwa mkupuo. Anachovuna hakipunguzi deni hata senti. Masheikh waliikemea sana, na watu waliendelea nayo, maana fedha ilipatikana siku hiyo hiyo.

Kaka akapandisha vyumba vyote kwa pamoja. Fedha zikaishia kwenye lenta. Kabla hajapata bati, kambi ya wajenzi ikahamia kusini na wapangaji wakaondoka nayo. Kuta zikabaki zinanyeshewa, wapangaji wake wakawa mbuzi wa jirani.

Ndipo ikaja asubuhi ile. Mwenye duka alikuwa shambani na vibarua wake.

"Hodi, baba," mama alisema. "Naomba niokote mabibo, tukale nyumbani."

"Okota, bi mkubwa. Ila korosho zing'oe, uziache hapa."

Mama akainama. Akawa anaokota bibo, anang'oa korosho yake, anaitia kwenye gunia la yule bwana, na bibo analitia kwenye kapu letu. Hakulia. Niliyelia ni mimi, na siku ile nilimchukia kaka yangu, sikufichi.

Kaka naye hakuweza kuona hali ile. Akaenda Dar es Salaam kugonga kokoto, akakaa miaka mingi akidunduliza. Alirudi na fedha kamili baada ya arobaini ya mama. Mwenye duka alizipokea, akamkabidhi mikorosho. Mama alikufa akiwa bado anaomba mabibo.

Sikukatazi kujenga, mwanangu. Anza na chumba kimoja, ukiezeke, kipate mtu, ndipo kodi yake inunue matofali ya cha pili. Ukikwama kwenye mlango au sakafu, tafuta mpangaji akutangulizie kodi amalizie chumba, na mwandikiane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Ukimpata mwenzako mwenye fedha, ingieni ubia, wewe na kiwanja chako, yeye na saruji yake, na hasara mgawane kama mtakavyogawana faida. Kwenye kikoba kopa kile ambacho mshahara wako utakilipa hata chumba kikikaa kitupu mwaka mzima. Na benki ukienda, dhamana iwe kiwanja chako cha Somanga. Kikiuzwa utaumia wewe uliyekopa. Ila usiweke rehani mlo wala paa la mtu mwingine, hasa yule ambaye kwa kukupenda hawezi kukukatalia.

Ulipokuwa mdogo ulimuuliza baba yako mara ngapi kwa nini hali korosho, naye akikujibu kwamba zinamsumbua tumbo. Tumbo lake lilikuwa zima.

Mungu akupe vyumba vyenye baraka na wapangaji wenye heri, mwanangu. Na akuepushe na siku ya kumwona mama yako akipiga hodi mlangoni kwake. Amin.