Filimbi Niliyoipuliza kwa Woga

Watu wanadhani askari haogopi. Waongo hao. Mimi nimeogopa karibu kila kituo nilichopangiwa, na cha kule ndani, upande wa Mwakitolyo, kiliniogopesha kuliko vyote. Mtu wa Tanga mimi, nimekulia kwenye minazi. Wakanitupa kwenye vumbi la wachimba dhahabu, kituo cha vyumba viwili, kimoja cha kazi na kimoja cha mahabusu, na askari wawili tu.

Siku hiyo mwenzangu alikuwa amempeleka mtuhumiwa Shinyanga mjini, nimebaki peke yangu. Asubuhi akaja bibi mmoja, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaomba nimfungie mahabusu. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba mtoto wa jirani amefariki, mganga amepiga ramli, na ramli imemwangukia yeye, kwamba ndiye mchawi aliyemuua. Kicheko kikanikauka. Kule, ramli ikishamtaja bibi mwenye macho mekundu, mapanga hayachelewi. Nikamwingiza ndani, nikatia komeo.

Jua lilipofika utosini wakaja. Kundi la vijana, wengine na tope la mashimoni miguuni, mapanga mikononi. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mmoja mwenye shati la kijani akasogea hadi dirisha dogo la mahabusu, akachungulia, akaniambia taratibu kwamba nimtoe tu, yaishe. Bunduki alikuwa nayo mwenzangu. Simu haishiki mtandao. Nikachomoa filimbi nikaipuliza kwa nguvu zangu zote, nikidhani watatawanyika kama watu wa mjini.

Ujinga wa mgeni huo! Kwa Wasukuma filimbi haifukuzi watu, inawaita. Ndiyo mwito wa sungusungu, walinzi wa kijiji: ukiisikia unaacha jembe, unachukua silaha, unakuja, usipokuja unatozwa faini. Filimbi yangu ikajibiwa ng'ambo ya bonde, na hiyo ikajibiwa mbele zaidi. Mungu wangu, nikajiambia, nimemwitia bibi wa watu kijiji kizima. Wakaja kweli, na pinde na marungu, uwanja ukajaa.

Kamanda wao, mtu mzima wa sauti ya chini, akauliza nani amepiga. Nikasema mimi. Akauliza kuna nini. Kwa taratibu zao aliyepiga ndiye husema, na wote hufuata neno lake kwanza, maswali baadaye. Mdomo ukanitangulia.

"Wezi wa ng'ombe," nikasema. "Wameelekea mtoni."

Kamanda akanitazama, akautazama mlango wa mahabusu, akayatazama yale mapanga. Sijui alielewa nini. Akanyoosha mkono kuelekea mtoni, wote wakatimua mbio, na wale vijana wakiwemo, maana asiyekimbilia ng'ombe walioibwa hushukiwa kuwa mwizi mwenyewe.

Nyayo za ng'ombe hawangeziona, kwa hiyo wangerudi, tena na hasira. Nikasimamisha lori lililobeba mawe ya dhahabu, nikamlaza bibi nyuma ya kiti cha dereva, nikamfunika koti langu. Mpaka tulipoingia kwenye lami, kila pikipiki iliyotufuata nikaiona ni wao.

Mjini, kituo kikubwa, nikapata nguvu, na hasira juu. Nikachukua karatasi ya maelezo. Nilimtaka yule kiongozi wa vijana wa mapanga, nimshike kabla hajakimbia. Nikamuuliza bibi kama anamjua aliyechungulia dirishani, yule wa shati la kijani.

"Ni kitinda mimba wangu," akasema.

Kalamu ikasimama. Akaweka mkono wake juu ya ile karatasi.

"Usimwandike, baba. Ukimfunga huyo, nani atanizika?"