Alhamisi, Musikuje

Kaka yangu Théoneste hakuwa mtu wa kukaa naye raha, na nasema hivyo nikiwa nilimpenda kuliko ndugu zangu wote. Alikuwa akija kula kwangu Rugerero, na kabla hajanawa mikono ameshazunguka jikoni kukagua. Jiko liko karibu na mlango, moto ukishika utatokea wapi? Panga limeegemezwa ukutani, watoto wanapita wapi? Siku moja nilichoka nikamwambia, "Théo, ulikuja kula maharage ao ulikuja kunifungia nyumba?" Akacheka, akalisogeza jiko likiwa na sufuria juu, na nusu ya maharage ikaishia sakafuni. Tulikula kilichobaki. Hakuomba msamaha, alisema sasa mlango uko wazi.

Baba yetu alikuwa Mkristo wa hapa Rugerero, mama Mwislamu wa Birere upande wa Goma, na tulikua tukivuka mpaka wa Rwanda na Kongo bila kuufikiria. Théoneste alilelewa zaidi kwa mjomba, huko Goma, na huko ndiko alikojifunza kunyanyua vyuma. Huko pia, akiwa kijana, alimwona rafiki yake akifa chini ya chuma. Ukumbi ulikuwa umejaa watu, redio inapiga muziki kwa sauti ya juu, na yule kijana akashindwa kukirudisha chuma mahali pake. Aliona haya kuita mbele ya wenzake. Kilipomshukia shingoni hakuweza tena kuita hata kama angetaka, na watu walipogeuka ilikuwa imekwisha.

Tangu siku hiyo kaka yangu alichukia vitu viwili: mlango uliofungwa na mtu anayenyamaza.

Alirudi Gisenyi mwisho wa mwaka tisini na sita, kambi za wakimbizi za Goma zilipovunjika na barabara ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Alipanga ghala moja karibu na soko, lililokuwa likihifadhi kreti za bia. Vyuma vyake alivitoa kwenye malori mabovu. Shafti ndiyo iliyokuwa mtaimbo, giaboksi zilizopasuliwa zilimpa magurudumu mazito ya meno meno, na kila gurudumu alilikaza kwa nati ili lisiteleze likamwangukia mtu mguuni. Mtu aliyenyanyua bila kukaza nati alifukuzwa siku hiyo hiyo, awe ofisa, awe mwuza ndizi.

Mwaka tisini na nane Resty akaja kumtafuta. Resty alikuwa mama wa biashara aliyerudi kutoka Uganda, na alikuwa anatengeneza hoteli karibu na ziwa, yenye ukumbi wa mazoezi kwa maofisa na wafanyabiashara. Alitaka walimu, tena alitaka hasa mwanamke, kwa sababu wake wa hao wakubwa hawangekubali kushikwa mgongo na kijana. Akamwomba Théoneste amfundishie watu.

Waliokuja kujifunza walidhani watafundishwa kutunisha misuli. Aliwafundisha kufagia. Kwanza sakafu: jasho likidondoka lifutwe kabla mtu hajalikanyaga. Kisha kila benchi lipigwe kwa ufunguo na lisikilizwe, kwa sababu mahali palipochomelewa vibaya panalia tofauti. Ndoo ya mchanga, sanduku la bandeji, na mlango usiwe na kufuli watu wakiwa ndani, hata kama abacengezi, wale waasi waliokuwa wakishuka milimani, wangekuwa wamelala Kanama, hapo karibu, jana yake. Hilo la kufuli liliwatisha wanafunzi kuliko yote. Mjini hapa wakati huo tulijifungia hata tukiwa tunasuka nywele.

Aliwafundisha pia kumwuliza mteja kabla hajagusa kitu. Moyo wako vipi, una mimba, umekula. Na kwa kuwa watu wengi wa Gisenyi walikuwa na makovu chini ya shati, aliwaonya jambo moja nililolisikia mwenyewe nikiwa nimempelekea chakula. "Muulize fasi ya mwili inamuuma," aliwaambia. "Usimuulize nani alimufanya vile."

Somo la mwisho lilikuwa kuita. Mmoja analala kwenye benchi na chuma, mwingine anasimama kichwani pake, na chuma kikimzidi aliyelala, yule aliyesimama anakishika na kupiga kelele ili mtu wa tatu aje. Basi. Mtoto angeweza kulifahamu.

Lakini hapa si mahali popote. Kwetu mtu akipiga induru, jirani anaacha alichokishika na kukimbia kwenda kumwokoa, na asiyekwenda ataulizwa kesho yake alikuwa wapi. Alhamisi ya kwanza, mwanafunzi mmoja, Mugisha, alipopaza sauti, Karenzi mshona viatu alikuwa wa kwanza kuingia, nyundo mkononi. Nyuma yake wanawake wauza nyanya wa sokoni, wenye mawe, na nyuma yao askari wa kizuizi cha barabarani wenye bunduki. Askari waliwalaza wote kifudifudi, pamoja na Karenzi na nyundo yake. Mugisha, kijana aliyekulia Tanzania, mrefu mwenye Kiswahili cha kitabuni, aliendelea kurudia, "Ni mafunzo, afande, ni mafunzo tu," mpaka akaambiwa anyamaze.

Mkubwa wa wale askari hakuwa mtu mbaya. Alisema tu, safari ijayo waambie watu mapema.

Kaka yangu akapita nyumba kwa nyumba, duka kwa duka, akaenda hata kizuizini. "Kila Alhamisi saa za alasiri mutasikia makelele pale kwangu," aliwaambia. "Ni masomo. Musikuje." Alimwambia Karenzi mara mbili, kwa sababu Karenzi alikuwa na moyo mwepesi. Alipomaliza alikuja kwangu akiwa ameridhika kabisa, na kwa mara ya kwanza hakugusa jiko langu.

Alhamisi zilizofuata mtaa ulizoea. Kelele zikianza, wanawake wa nyanya walihukumu kama waamuzi wa mpira: huyu ana sauti, huyu analia kama mbuzi. Wakagundua pia kwamba kuna mmoja hatoi sauti.

Huyo alikuwa Umutoni, msichana wa Bugeshi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba viazi tangu utotoni. Kwa kazi nyingine zote aliwashinda wenzake. Resty alikuwa ameshamchagua. Lakini zamu yake ya kuita ikifika, alikishika chuma, akakinyanyua peke yake kimya kimya, akakirudisha mahali pake, akasimama. Wenzake walicheka. Théoneste hakucheka.

"Umenyanyua, bon," alimwambia. "Na siku kitakuwa kizito kukushinda?"

"Nitanyanyua."

"Umutoni, nakuuliza siku kitakushinda."

Akachukua ufagio, akaanza kufagia. Mwaka wa tisini na nne alikuwa amelala juu ya dari ya nyumba ya jirani, na wale waliokuwa wakitafuta watu wa kuua walisimama chini yake wakisikiliza. Yuko hai kwa sababu hakutoa sauti. Wote waliokuwa chini walipiga kelele na hakuna aliyekuja, au waliokuja hawakuja kuokoa. Haya alinieleza mimi, si kaka yangu, na nilimwambia Théoneste amwache. Nilimwambia kwa hasira. Nilisema, "Saini cheti cha huyu mtoto, akafanye kazi yake, mambo ya kuita atajifunza polepole." Alinijibu kwamba hatamweka mtu chini ya mikono ya mwalimu asiyeweza kuita. Kama Umutoni hataita, hatakwenda kwa Resty, na yeye Théoneste hatakosa usingizi kwa ajili ya kumfurahisha dada yake. Ndivyo alivyokuwa. Ungeweza kumpiga kofi.

Mtaani wanawake wa nyanya nao walimtania Umutoni akipita. "Shangazi, leo utatoa?" Alitabasamu na kuangalia chini. Wakaanza kumngojea, kama watu wanavyomngojea mtoto aliyechelewa kutembea.

Théoneste akapanga jambo, na alilipanga kwa uangalifu wake wote. Siku ya Alhamisi, baada ya wengine kuondoka, angebaki na Umutoni peke yake. Angelala yeye mwenyewe kwenye benchi, na chuma kingekuwa kizito kuliko Umutoni anavyoweza kunyanyua. Ataona hawezi, ataona mwalimu wake yuko chini, ataita. Mugisha angesimama nje, nyuma ya mlango, bila Umutoni kujua, na akisikia sauti tu angeingia. Mlango usio na kufuli, mtu mwenye nguvu hatua chache tu, nati zimekazwa. Hakuacha kitu.

Siku hiyo nilikuwa Rugerero, navuna maharage. Ninayoyasema sasa nimeyapata kwa Umutoni, kwa Mugisha na kwa Karenzi, na nimewauliza mara nyingi kuliko walivyopenda.

Mugisha alisimama mlangoni kama alivyoagizwa. Askari waliokuwa wakikagua vitambulisho mtaani wakamkuta kijana mwenye afya, amesimama bila kazi, anasikiliza mlango. Walikuwa wageni, si wale wa kizuizini. Aliwaambia yuko masomoni. Wakamwuliza ni masomo gani ya kusimama nje. Wakamwambia apande gari pamoja na wengine, akapanda. Angeweza kugonga mlango kwa kisigino. Angeweza kuita jina la mwalimu wake mara moja tu. Hakuita. Mwaka ule kijana aliyepandishwa gari la askari hakupiga kelele, alikaa alipoonyeshwa na kuangalia magoti yake. Walimwachia jioni, bila kumfanya lolote.

Ndani, Théoneste alikitoa chuma kwenye nguzo zake na kukishusha kifuani. Umutoni akakishika kama kawaida na kuvuta. Hakikupanda. Akavuta tena. Théoneste alimtazama kutoka chini, akatikisa kichwa, na Umutoni anasema alikuwa anatabasamu.

"Ita," alimwambia.

Akavuta kwa nguvu zake zote, na kwa nguvu hizo angeng'oa mti mdogo. Kaka yangu aliendelea kukishikilia, akimngoja, kwa sababu alijua kuna mtu nyuma ya mlango na kwamba kinachokosekana ni neno moja tu. Alingoja sana. Mikono yake ilianza kutetemeka, halafu kiwiko kimoja kikaachia, na chuma kikabingirika kutoka kifuani kikaja shingoni.

Ndipo Umutoni alipoita.

"Mutabare!" Ndilo neno letu la kuomba kuokolewa, na alilitoa lote, lile la siku hiyo na lile alilolimeza juu ya dari. Anasema Théoneste aligeuza macho kuelekea mlangoni. Mlango haukufunguka. Umutoni hakuweza kumwachia akaenda kuufungua, maana alichoweza ni kukizuia chuma kisiende chini zaidi, na akikiacha kingekwenda. Hakuweza hata kuyavua magurudumu upande mmoja, nati zilikuwa zimekazwa. Alikuwa na sauti tu. Akaita tena, na tena.

Nje, Karenzi alisimamisha nyundo.

"Sikia," alimwambia mteja wake. "Ule ni Umutoni! Leo ameweza!"

Wanawake wa nyanya wakasikia nao. Wakasimama. Mmoja akapiga vigelegele, na wengine wakamfuata, mstari mzima wa soko, kama tunavyowapigia maharusi na watoto wachanga. Walikuwa wanamfurahia kwa moyo wote. Umutoni alivisikia vigelegele hivyo akiwa ameinama juu ya kaka yangu, na alifahamu vilikuwa vya nini.

Alimaliza sauti yake pale. Ilipoanza kukwaruza na bado neno ni lile lile, Karenzi akaacha kucheka, akatupa kiatu, akakimbia. Walikinyanyua wawili. Théoneste alikuwa bado ana joto, lakini hakupumua tena.

Nilimzika Rugerero, karibu na baba. Mjomba alivuka kutoka Goma akamwombea dua, padri akasema yake, na watu wote wa mtaa ule walikuja. Hakuna aliyeweza kunitazama. Nilikuwa nimejiandaa kuwatukana wote, nilikuwa na maneno tayari tangu nyumbani. Karenzi alipofika mbele yangu akasema, "Dada, tulifurahi. Utusamehe, sisi tulifurahi." Nilimshika mkono, na bado nina hasira ambayo sijui niipeleke wapi.

Umutoni hakuongea matanga yote, koo lilikuwa limeharibika. Resty alimchukua kazini hivyo hivyo, bila cheti.

Asubuhi moja kabla ya kwenda kwa Resty alinipitia, akaniomba nifuatane naye mtaani. Alianza na kizuizi, kisha maduka, kisha nyumba, njia ile ile aliyopita kaka yangu, na kila mlango alisema kwa sauti ambayo ilibidi mtu ainame kuisikia. Tulimaliza na Karenzi.

"Mukisikia makelele, mukuje," alimwambia. "Hata kama ni Alhamisi."

"Na kama ni masomo?" Karenzi akauliza.

"Mukuje."