Lori la Mathias na Kitanda cha Dada Kalunde

Tuliokuwepo asubuhi ya kuondoka Ipuli ni hawa. Kwanza dada yangu Kalunde, mkubwa wangu, tumenyonya ziwa moja. Yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa, na safari ilikuwa yake. Kisha mwanawe Mathias, mwenye lori, ambaye huniita mama mdogo. Kisha Salumu, dereva wa Mathias, Mzaramo wa pwani. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo mkimsikia humu anatutukana msishangae, ni haki yake. Na mimi Nyamizi binti Maganga, niliyejifunza herufi ukubwani kwa katekista, ndiyo maana mistari yangu inapanda na kushuka. Waliobaki nitawataja kadiri wanavyopanda.

Sababu ya kuondoka ni maneno ya dada mwenyewe. Mganga wa hospitali alikwisha kutuambia tumrudishe nyumbani, dawa hazina kazi tena. Dada akaniita, akanishika kidole gumba kama tulivyokuwa tukishikana utotoni, akasema, "Nyamizi, nipelekeni Lusu nikafie kwangu. Nisibaki njiani kama Kasanda."

Kasanda alikuwa kaka yetu. Alikwenda pwani na msafara, amebeba pembe, akashikwa na homa huko Ugogo, na waliorudi walituambia tu kwamba alibaki. Alibaki wapi, chini ya mti gani, nani alimfunika mchanga, hakuna aliyetueleza. Mama yetu alikufa akiwa bado anauliza. Kwa hiyo dada aliposema "kama Kasanda", sikuhitaji maelezo.

Wakati ule vita vya Wazungu vilikuwa vimepamba moto. Petroli ilikuwa imepanda bei, ikapanda tena, halafu hata mwenye fedha aliambiwa alete kwanza kibali cha bomani. Malori mengi Tabora yalikuwa yameegeshwa, kuku wanataga chini yake. Jirani yetu Bwana Nasoro, Mwarabu mwenye duka, alikuwa na kigari kidogo kikuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Alikuja kumjulia hali dada, kisha akamwambia Mathias tukiwa uani, "Chukua kigari changu. Kinakunywa kidogo, hayo mafuta uliyonayo kwenye dumu yanatosha kufika Lusu na kurudi. Mama atalala nyuma, mama yako mdogo akae mbele na dereva."

Mathias akacheka kwa adabu. "Ahsante, Bwana Nasoro. Lakini mama wa mwenye lori apelekwe kwao ndani ya kopo? Watu wa Lusu watasema lori nimenyang'anywa."

Dada alisikia kutoka ndani. Akasema, "Mwanangu, mimi nipandishe hata punda. Ila iwe leo."

Haikuwa leo. Lori lilitaka petroli nyingi, na petroli nyingi ilitaka kibali, na kibali kilitaka Mathias aende bomani akae kwenye benchi, arudi, aende tena. Siku zikapita. Kila asubuhi nilimgeuza dada kitandani na kila asubuhi alikuwa mwepesi zaidi mikononi mwangu. Alikuwa ameacha kula. Maji tu, kidogo, kwa kijiko.

Asubuhi kibali kilipopatikana, Salumu alitandika godoro nyuma ya lori, upande wa mbele penye kivuli cha turubai. Lilikuwa lori kubwa, na dada pale ndani alionekana kama nguo iliyosahauliwa. Mathias akatazama ile nafasi tupu. Nilimwona anavyoitazama. Akasema, "Basi tuweke magunia ya chumvi, kidogo tu, yarudishe gharama ya petroli." Magunia yakapakiwa. Kabla hayajafungwa kamba, Ipuli yote ilikuwa imesikia kwamba lori la Mathias linakwenda Nzega, njia ya Lusu, na ndani mna nafasi.

Akaja Sizya, mke wa marehemu Lubasha, na matenga mawili ya kuku. Akaja Mihayo fundi seremala na mlango aliomtengenezea mkwe wake, mlango mzima na fremu yake. Wakaja wengine. Mathias alitaka kukataa, lakini nani kwetu hapa anaweza kumfukuza mtu kwenye gari lenye nafasi huku mama yake mgonjwa amelala ndani? Watasema umeuharakisha msiba kwa roho mbaya. Na dada mwenyewe aliinua mkono akasema, "Mpakie Sizya, alinipikia uji nilipokuzaa wewe."

Salumu alizunguka lori akazitazama springi. Akamwambia Mathias, "Bosi, gari hili linakula kwa uzito, kama Mnyamwezi kwenye ugali. Ukimzidishia anamaliza."

Sizya akamjibu kutoka juu ya magunia, "Endesha, wewe Mzaramo! Kwenu mnakula nazi na kulala, uzito mtaujulia wapi?"

Watu wakacheka, hata dada akatabasamu. Tukaondoka.

Isikizya tulifika jua likiwa limekwisha kuwa kali. Njia ya kaskazini wakati wa kiangazi ni mchanga, na lori lilizama na kulia na kuzama tena. Nilikaa nimempakata dada kichwa, nimemkinga na tenga la kuku. Pale Isikizya tulisimama apewe maji, na kusimama ndilo lililokuwa kosa, maana lori likisimama kijijini huwa halisimami peke yake. Watu walitoka na mizigo yao kama waliokuwa wametungoja tangu mwaka jana. Mtu mmoja alileta hata jiwe la kusagia. Mathias akawaacha wapakie. Alikuwa ametazama chini, anafuta jasho kwa kofia.

Kabla ya kufika Puge, adhuhuri imepita, lori likakohoa, likavuta kidogo, likanyamaza. Salumu alishuka, akachovya kijiti kwenye tangi, akakitoa kikavu. Hakumtania mtu. Alikwenda tu akasimama mbele ya Mathias na kile kijiti mkononi.

"Dumu la akiba?" Mathias akauliza.

"Tulilimimina tangini kule kwenye mchanga, bosi. Ulikuwepo."

Tulikaa. Petroli ya kuomba kwa wapita njia hatukuwa na tumaini nayo. Njia ile wakati ule ungeweza kungoja hata siku kadhaa usisikie ngurumo ya gari. Dada akafungua macho, akaona miti imesimama haitembei. Akaniuliza, "Hapa ni wapi?" Nikamwambia ni karibu na Puge. Akasema, "Kumbe ni hapa." Akageuza uso kwenye mbao za lori, na mimi nikajua anafikiri nini, maana mdomo wake ulitamka jina la Kasanda bila sauti.

Hapo ndipo mzee mmoja alipotokea na jembe begani. Jina lake Luhende, na ndiye aliyekuwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji cha pale. Nikamwamkia, "Mwangaluka, baba," salamu yetu ya asubuhi, ingawa ilikwisha kuwa mchana, akili zangu zilikuwa zimepotea. Akaitikia bila kunisahihisha, akachungulia ndani ya lori, akauliza mgonjwa ni wa nani na anakwenda wapi. Nilipomwambia Lusu, aliweka jembe chini, akaziba mdomo kwa viganja, akapiga mwano, ule ukelele wa kuitana kwenye hatari. Wanaume wakatoka mashambani wakikimbia.

Mathias alishuka. "Mwanangwa, tafadhali, msimbebe mama kama mzigo wa msafara. Nitatuma mtu Nzega atafute petroli."

Luhende akamtazama viatu, kisha uso. "Kijana, mama huyu anaweza kuingoja petroli yako?"

Nikamjibia mimi. Nikasema hawezi.

Wakaleta kitanda cha kamba, wakafunga miti miwili mirefu ubavuni, ikawa machela. Wanne wa kwanza walikuwa Kashindye, Mabula, Shija na Masanja, wote wa kijiji cha Luhende. Kijana wa Luhende akapanda baiskeli akatangulia kuwaarifu watu wa kijiji kinachofuata. Kwetu machela ya mgonjwa anayekwenda kwake haiwekwi ardhini njiani. Inabebwa mpaka mpakani, na pale wanaume wa kijiji kingine wanakuwa wamekwisha simama, wanaingiza mabega yao chini ya miti huku wa kwanza wanatoa yao, na mgonjwa hahisi badiliko. Baba zao walikuwa wapagazi, na ile hatua ya mpagazi, ya goti kulegea na bega kutulia, walikuwa nayo ingawa hawakuwahi kubeba pembe.

Tulipoondoka, lori lilibaki na watu juu yake. Sizya alipiga kelele, "Kalunde, tangulia, tunakuja!" Mihayo alikuwa amekaa kivulini mwa mlango wake.

Njiani, Shija alijikwaa akaumia dole, na kabla hatujajua nani ashike nafasi yake, Salumu akaingiza bega. Mathias akamwambia arudi kulinda gari. Salumu akasema, "Gari litaibwa na nani, bosi, na litakwenda kwa nini?" Halafu akainua sauti ili dada asikie. "Mama Kalunde! Kaka zako walitubebea pembe mpaka pwani, wakatuachia chawa. Leo Mzaramo anawabeba Wanyamwezi. Dunia imekwisha!"

Dada akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kama mtu anayesafisha koo, lakini nilikisikia. Akasema, "Usiniangushe, mla nazi." Ndicho kicheko chake cha mwisho, na nimekiandika hapa kisipotee.

Puge tulilala kwa Bibi Tabu, mke wa mfinyanzi. Alilaza vinu vyake viwili ubavu, machela ikawekwa juu ya vinu isiguse chini. Alimnywesha dada maji, akamwambia, "Lala, mwenzangu. Huku si njiani, huku ni kwangu." Mathias alikaa mlangoni, amevua viatu. Mabega yake yalikuwa yamechubuka, maana tangu mpakani, wabebaji walipopokezana mara ya kwanza, naye alikuwa ameshika mti wa nyuma, hakukubali kupokewa. Akaniambia polepole, "Mama mdogo, kigari cha Nasoro kingekuwa kimefika kabla hata kibali changu hakijatoka." Nilimpaka mafuta ya karanga mabegani.

Kesho yake tulikwenda hivyo hivyo, kijiji kwa kijiji. Karibu na Nzega wanawake walitoka na maji, wakatembea nasi kimya. Jua lilipoanza kuinama tukaacha barabara tukashika njia ya Lusu, na dada, aliyekuwa amefumba macho siku nzima, akasema, "Nasikia minyaa." Kweli, ua wake ulikuwa wa minyaa, ile miti ya utomvu, na upepo ulikuwa ukipita humo. Wakamwingiza mlangoni kwake, na hapo ndipo machela iliposhushwa ardhini. Mathias alimchotea maji kwenye mtungi wake mwenyewe. Alikunywa. Asubuhi, kuku wakiwa wameshuka, alikata roho, kichwa chake magotini kwangu, mwanawe ameshika miguu.

Tulimzika kando ya mumewe. Salumu, kwa haki ya utani, alilala kaburini kabla ya kuzika akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na watu waliolia wakacheka, wakalia tena.

Wakati wa kurudi tulitembea kwa miguu. Lori tulilikuta palepale. Sizya alikuwa amefanya jiko chini yake, kuku wake wamepungua, na aliposikia habari aliweka mwiko chini akalia kwa sauti. Mathias aliwaambia wote wachukue mizigo yao, akawaomba radhi mmoja mmoja. Petroli ilipokuja kupatikana, lilirudi Ipuli likiwa tupu, na yeye akaliegesha.

Watu wa Ipuli wananiuliza mpaka leo kama gari kubwa lina maana petroli ikiwa ghali hivi. Mimi si mtu wa magari. Lori hubeba karanga na mpunga mpaka steshini, na mabega ya watu hayawezi kazi hiyo, kwa hiyo silitukani. Lakini nilichojifunza ni hiki. Dada yangu alikuwa mwepesi kama mtungi mtupu. Hakuhitaji lori, alihitaji kuwahi. Ule ukubwa wote tuliutafutia macho ya watu wa Lusu, na ukubwa ukaita mizigo, na mizigo ikanywa petroli, na mwisho watu wa Lusu hawakuliona lori kabisa. Walichokiona ni Mathias anaingia peku, mti begani, na sijasikia hata mmoja aliyemcheka.

Waliombeba nimewataja wa kwanza. Kutoka Puge walikuwa Ngassa, Makoye, Kitundu na yule mfinyanzi mume wa Bibi Tabu, jina lake Mhoja. Walioingia naye Lusu ni Mathias, Salumu, Lukas wa Nzega, na mmoja aliyeshika mti upande wa nyuma kushoto, mrefu, ana kovu shavuni, ambaye aliondoka kabla hatujamshukuru. Mimi niliambiwa ni Jilala. Wengine wanasema Jilala alikuwa shambani siku ile, na aliyebeba ni mdogo wake. Wewe unayesoma, kama ulikuwepo au baba yako alikuwepo, na nimekosea jina hilo au jingine lolote, nijie au nitumie neno nilirekebishe ningali hai. Wa Kasanda hatukuwajua. Wa Kalunde nataka niwajue wote.