Macho ya Baba na Bunduki ya Mitutu Miwili

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Muyinga mjini, na ndani ya kabati la nguo, nyuma ya kanzu zake, aliweka bunduki ya kuwindia nyati. Watu nikiwasimulia hudhani natia chumvi. Lakini ilikuwepo, tena ina kibali chenye muhuri, na kila mwaka Baba alivaa kofia yake safi akaenda ofisini kukihuisha.

Aliirithi kwa babu, ambaye enzi za Wabelgiji alikuwa akimwongoza porini daktari mmoja Mzungu na kumsomea nyayo. Daktari alipoondoka nchini alimwachia bunduki pamoja na kisanduku cha risasi. Haikuwa gobori, wala haikufanana na bunduki za askari. Ilikuwa na mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, na triga mbili: ya mbele kwa mtutu wa kulia, ya nyuma kwa mtutu wa kushoto. Unaikunja katikati, inafunguka, unatia risasi mbili nene kuliko kidole gumba changu, unaifunga. Ikifungwa ilitoa mlio mdogo, laini, kama mlango wa gari la tajiri. Baba aliupenda mlio huo. Kila Ijumaa akitoka msikitini aliitoa kabatini, akaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, akaifungua na kuifunga mara mbili tatu bila risasi, akitabasamu peke yake.

"Hizi ni bunduki mbili ndani ya moja," alikuwa akiniambia. "Moja ikikataa, ingine iko."

Kuimiliki alijua, kuipiga hakujua. Aliyemfundisha ni rafiki yake, mkulima wa Gasorwe, Mkristo, aliyekulia Tanzania ukimbizini. Kule, kabla ya kurudi, alifanya kazi ya kubeba bunduki za wageni waliokuja kuwinda, na nyingi zilikuwa za aina hii hii. Siku moja ya soko alileta suruali itiwe kiraka, akaiona bunduki mezani mbele ya Baba, akasahau suruali. Walizungumza mpaka adhana ya alasiri. Tangu siku hiyo hakupita mjini bila kuingia kwetu.

"Mzee, usisimame wima namna hiyo, itakuangusha," alimwambia uani, Baba akiwa ameikamata bunduki tupu. "Iegemee. Macho yote mawili wazi. Na risasi mbili za akiba zikae katikati ya vidole vya mkono wa kushoto, si mfukoni."

"Kwa nini si mfukoni?"

"Mfukoni ni mbali."

Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, nimemaliza masomo ya ualimu na nangoja kazi. Mama alikuwa ameshafariki. Nilikaa kibarazani nikichambua maharage huku nikiwacheka wanaume wawili wazima wakilenga vifungo vya mashati yaliyoanikwa kwenye kamba. Walijifunza bila kufyatua, kwa sababu risasi za aina ile hazikupatikana tena popote. Zilibaki kumi na moja, nazo zilikuwa na umri mkubwa kuliko Baba.

Kwa miaka michache waliitwa mara tatu, nyati alipovuka kutoka mbugani upande wa Ruvubu na kuingia mashambani. Mara zote tatu walirudi salama. Nyama waliwaachia watu wa kilima, kama tunavyoita kijiji kwetu, na Baba alikaa wiki nzima na bega jeusi kwa teke la bunduki, akilionyesha kwa kila mteja.

Halafu macho yakaanza. Kwanza aliniita nimtilie uzi kwenye sindano, nikaona ni uvivu tu. Ijumaa moja akaniuliza namba iliyochongwa kwenye kitako cha risasi, namba aliyokuwa anaijua kwa kichwa. Ndipo nikamtazama vizuri. Aliinua bunduki kulenga kifungo, akawa anasogeza kichwa huku na huku kama kuku, akiitafuta ile nukta ya shaba iliyo mwisho wa mitutu.

"Baba, huioni?"

"Naona. Ni jua hili."

Jua lilikuwa mgongoni kwake. Alishusha bunduki.

"Usimwambie mtu, mwanangu. Fundi kipofu, nani atamletea kitambaa?"

Nikaahidi. Ilikuwa ahadi nyepesi siku ile.

Barua ililetwa na mkuu wa kilima mwenyewe, mzee mpole aliyetembea tangu alfajiri. Rafiki wa Baba alikuwepo, anakunywa chai. Baba alinipa niisome. Ilisema kuna nyati dume mkongwe, waya wa mtego umemkata mguuni, amekuwa mkali, amemuua mama mmoja aliyekwenda kuchota maji, na watu hawathubutu tena kushuka bondeni. Mwenye bunduki anaombwa kusaidia.

Nilipomaliza kusoma, Baba alinigeuzia uso. Sijui aliona nini usoni kwangu kwa macho yale. Nilifungua mdomo. Rafiki yake naye alikuwa ananitazama, kikombe kimesimama hewani. Ingetosha sentensi moja: Baba haoni. Wasingenichukia. Pengine Baba angenuna mwezi mzima, basi.

"Nitawafungia chakula," nikasema.

"Bon," Baba akasema. "Kesho tutaenda."

Nilikwenda nao. Baba alisema ni kwa ajili ya kubeba chakula, lakini njiani, penye mawe na mitaro, mkono wake ulikuwa begani kwangu.

Niliachwa juu ya mteremko pamoja na wanawake wa kilima. Asubuhi ilikuwa safi, bonde lote linaonekana: shamba la mtama limekanyagwa, kisha mafunjo, kisha maji. Nilijua jinsi wawili wale walivyotembea siku zote. Rafiki alikaa kulia kwa Baba, nyuma kidogo, kama alivyozoeshwa kule Tanzania. Siku hiyo alitangulia. Aliinama, hatua tano sita mbele ya Baba, akinyoosha mkono nyuma kumwonyesha pa kukanyaga. Nikasema moyoni labda nyayo ni ngumu kuonekana.

Nyati alitoka ukingoni mwa mtama akasimama ubavu. Hata mimi kule juu nilimwona. Rafiki alichutama na kunyoosha mkono kama kibao cha barabarani, akaushikilia hivyo muda mrefu, mrefu mno, Baba akiwa amelenga. Bunduki ikalia. Nyati alijikunja, akageuka, akazama kwenye mafunjo. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi sikupiga. Nilimwona rafiki wa Baba akienda pale aliposimama mnyama, akichuma jani, akiligeuza mkononi kusoma damu, kisha akikaa chini. Walikaa wote wawili, wakingoja mnyama aishiwe nguvu. Kisha wakaingia.

Mafunjo yalitikisika. Nikasikia mlio mmoja. Nikangoja wa pili, maana nilikuwa nimesikia maisha yangu yote kwamba ya pili iko. Haukuja. Kilichokuja ni sauti ya mtu, fupi. Baada ya muda ambao mpaka leo siwezi kuupima, ikasikika milio miwili kwa pamoja, kisha kimya.

Nilikimbia kushuka. Nyati alikuwa amelala, pua yake karibu kugusa viatu vya Baba. Rafiki yake alilala upande, shati limepasuka, na Baba amepiga magoti akimbonyeza kifuani kwa mikono yote miwili, akirudia jina lake kama anayemwamsha kwa kazi. Alikuwa ameshakufa. Kwenye majani palikuwa na risasi moja nzima, ina alama ya pini kitakoni, imegongwa isilipuke. Mtutu wa kulia ulikosa, wa kushoto uligoma.

Watu wote walisema risasi ya zamani ndiyo iliyoua. Mkuu wa kilima alisema hivyo, padri alisema hivyo mazishini, na haikuwa uongo. Lakini nyati alipochunwa ilionekana kwamba risasi ya kwanza kabisa, ile ya mchana kweupe, mnyama amesimama ubavu, ilipita tumboni, mbali na bega. Hakuna aliyeuliza. Baba naye hakusema.

Aliomba ashone mwenyewe kitambaa cheupe cha kutandika ndani ya jeneza. Nilimtilia uzi. Mshono ulikwenda ukipinda kutoka mwanzo hadi mwisho, na kule Gasorwe, mjane alipokishika kitambaa kile, alipitisha kidole juu ya mshono taratibu, akakikunja.

Wiki iliyofuata Baba aliirudisha bunduki serikalini pamoja na kibali na risasi zilizobaki. Ofisa aliifungua na kuifunga akastaajabu ilivyotunzwa. Baba alisaini mahali ambapo nilimwekea kidole.

Mwaka uliofuata niliolewa Gitega, nikapata kazi ya kufundisha Itaba. Baba alibaki Muyinga miaka miwili na cherehani aliyokuwa haishiki tena, mpaka nikamchukua kwangu. Alikuwa anatembea kwa kupapasa ukuta. Mume wangu ndiye aliyesema twende hospitali. Daktari alimmulika kwa taa ndogo, akasema ni mtoto wa jicho, basi.

Jicho la kwanza lilichukua dakika kama ishirini. Nilikuwa nimeleta kitabu cha kusoma, sikumaliza hata kurasa tano. Walipoondoa bandeji kesho yake, Baba alitazama dirisha, kisha mikono yake, kisha mimi. Nilitegemea afurahi.

"Ni hivi tu?" akauliza.

"Ndiyo, Baba."

"Dakika ishirini?"

Akageukia ukuta, akalia kwa namna ambayo wagonjwa wengine walinyanyuka vitandani kumtazama. Muuguzi alinihimiza nimnyamazishe, machozi yasiharibu jicho. Sikuweza.

Jicho la pili lilipopona aliniomba nimpeleke Gasorwe. Tulimkuta mjane akipura maharage mbele ya nyumba na binti yake mdogo. Alituletea viti, akamtuma binti kuchota maji. Baba alikataa kukaa.

"Shemeji," akasema, "mi nimekuja kukwambia. Haikuwa risasi. Ni macho. Siku ile mi sikuwa naona. Nilipiga weusi tu."

Mjane aliendelea kushika fimbo yake ya kupuria.

"Najua," akasema.

"Nani amekwambia?"

"Yeye mwenyewe. Usiku wa kuamkia safari aliniambia macho ya mzee yamekwisha, hata kikombe anakitafuta kwa vidole. Nikamwambia basi mkataze. Akasema siwezi kumwaibisha mzee mbele ya watu, nitatembea mbele yake, nitakuwa macho yake." Alikaa chini juu ya maganda. "Niligombana naye. Aliondoka tumenuniana."

Baba alisimama, mikono ikining'inia. Nilitaka kusema kwamba na mimi nilijua, kwamba nilikuwa na barua mkononi. Nikasema. Nilisema vibaya, kwa kukatakata, na nilipomaliza mjane alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo mwingine.

"Basi tulijua wote," akasema. "Kila mmoja kivyake."

Hakutufukuza. Hakusema ametusamehe pia, wala Baba hakuomba. Tulikunywa maji, tukamsaidia kupura mpaka maharage yakaisha, kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya jingine. Baba alipepeta vizuri sana. Aliona hata vijiwe vidogo.

Aliishi Gitega miaka mitatu zaidi. Alinunuliwa cherehani nyingine, akawa anawashonea sare watoto wa mtaani kwetu, mshono umenyooka kama mstari wa rula, lakini hakuimba tena akifanya kazi, na Ijumaa alirudi kutoka msikitini akakaa tu kitandani, mikono juu ya magoti, mpaka saa ya chakula. Mara moja nilimuuliza anawaza nini. Alisema hawazi, anamwona.

Alipofariki, mjane alikuja kutoka Gasorwe na binti yake. Sikumtarajia. Aliingia moja kwa moja uani, akavua kitenge cha juu, akakaa karibu yangu penye sufuria tukamenya ndizi za wageni. Hatukuzungumzia wanaume wetu. Aliniuliza kama kwenye shule ninayofundisha kuna nafasi, maana binti anapenda hesabu na kule kwao mwalimu wa hesabu amehama. Nikamwambia nitauliza. Akasema ndizi hizi ni mbichi mno, zitahitaji moto mrefu, akainuka kwenda kutafuta kuni.